Mfungwa aliyevutwa na itikadi kali: kumtenga, kumweka na wenzake au kumchanganya na wengine?

Mkuu wa gereza anapoletewa habari kwamba wafungwa kadhaa wameanza kuwaita wenzao makafiri, kwamba wamegoma kusali nyuma ya imamu wa gereza, na kwamba kijana mmoja hataki tena kumwona mama yake siku za kutembelewa, ana mambo mawili ya kuamua. Awaweke wapi, na nani akae nao azungumze nao. Majibu yamejaribiwa katika nchi nyingi, na karibu kila jibu limewahi kugharimu maisha ya watu. Nayaweka hapa sambamba ili anayehusika, awe askari magereza, shekhe, mchungaji, mwanasaikolojia au ndugu wa mfungwa, aone anachopata na anachopoteza kwa kila njia. Lakini huwezi kuchagua dawa kabla ya kujua mfungwa mwenyewe alikuwa anatafuta nini.

Kinachomvuta

Mwanasosholojia Erving Goffman alieleza mwaka 1961 jinsi gereza na taasisi za aina yake zinavyomvua mtu utu wake wa zamani hatua kwa hatua. Nguo zake zinachukuliwa, anapewa za taasisi, anapewa namba, anapangiwa saa ya kula na saa ya kulala. Aliyekuwa baba wa watoto watatu au fundi aliyeheshimika mtaani kwake anakuwa mtu wa kuhesabiwa asubuhi na jioni. Usiku maswali yanamjia. Mimi ni nani sasa? Nani atanilinda humu ndani? Nitawatazamaje watu niliowaumiza?

Mwanasaikolojia Arie Kruglanski na wenzake wanasema mtu huingia katika itikadi kali pale mambo matatu yanapokutana: haja ya kujiona mtu wa maana, simulizi inayomwambia namna ya kuipata maana hiyo, na kundi la watu wanaoithibitisha simulizi hiyo kila siku. Nje ya gereza mambo hayo matatu huchukua muda kukutana. Ndani yako chini ya paa moja, na mfungwa ana saa nyingi zisizo na kazi.

Simulizi kali ina nguvu ambayo mahubiri ya kawaida hayana, nayo ni kumwondolea mtu aibu bila kumdai toba. Aliyeiba anaambiwa hakuiba, alichukua ngawira kutoka kwa adui. Aliyepiga watu anaambiwa hasira yake ilikuwa takatifu, ilikosa tu mahali pa kuelekezwa. Historia nzima ya maisha yake inasomwa upya, na yeye anatoka akiwa shujaa aliyeonewa. Mtu aliyelemewa na hatia miaka mingi anapopewa hadithi kama hiyo, anaikumbatia, na ukianza kumkosoa kwa aya na hadithi za mtume anakuona umekuja kumrudishia mzigo aliokwisha kuutua.

Tena hili halihusu dini moja. Katika magereza ya Marekani, makundi ya wazungu wenye ubaguzi wa rangi yamewavuta wafungwa kwa ibada ya Odin, mungu wa kale wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na kwa mafundisho ya Kikristo yaliyopotoshwa yanayodai wazungu ndio wateule wa Mungu. Njia ni ile ile: ulinzi kwanza, kisha udugu, kisha mafundisho. Anayelitazama tatizo hili kwa jicho la dini moja ataacha nusu yake nje ya hesabu.

Uongofu au kasumba?

Kabla ya kuchagua pa kumweka mtu, lazima ujue kama ana tatizo. Wafungwa wengi sana hushika dini gerezani, na walio wengi wanakuwa watulivu zaidi. Mtafiti Mark Hamm, aliyechunguza magereza ya Marekani kwa miaka mingi, aliona kwamba wanaofika kwenye vurugu ni wachache mno kati ya wengi wanaoongoka, na kwamba hatari huota zaidi katika magereza yaliyojaa kupita kiasi, yenye magenge na yasiyo na walimu wa dini wa kutosha. Mfano ni gereza la New Folsom huko California. Mwaka 2004 mfungwa Kevin James, aliyekuwa tayari na kikundi chake, alimwapisha humo mwenzake aliyekaribia kutoka. Mwaka 2005 kikundi hicho kilikuwa nje, kinapanga kushambulia vituo vya jeshi na masinagogi, na kinaiba katika vituo vya mafuta ili kupata fedha. Polisi walikigundua kwa sababu mmoja wao aliangusha simu wakati wa wizi.

Ndevu, kofia, kubadili jina, kuacha muziki na kusali kwa wakati havikuambii lolote. Malcolm X, aliyekuja kuwa mtetezi maarufu wa watu weusi wa Marekani, aliingia jela Massachusetts mwaka 1946 akiwa mwizi. Ndugu yake akamwandikia aache nguruwe na sigara, naye akaacha; baadaye akawa anakesha na vitabu kwa mwanga hafifu wa korido. Mafundisho aliyoyapokea wakati ule yalikuwa makali kweli kweli juu ya watu weupe, lakini alipotoka mwaka 1952 hakurudi kwenye uhalifu wala hakumuua mtu, na baada ya kuhiji mwaka 1964 alibadili msimamo wake kuhusu rangi hadharani. Kama askari wa zama zile wangemfungia peke yake kwa sababu tu imani yake iliwatisha, sijui dunia ingepata mtu gani.

Yanayotofautisha yanaonekana kwenye mwelekeo wa mahusiano na wa lawama. Anayeongoka anazungumza juu ya dhambi zake mwenyewe. Aliyeshikwa na kasumba anazungumza juu ya dhambi za wengine. Wa kwanza anaandika barua nyumbani kuomba msamaha, wa pili anawakata ndugu mmoja mmoja kwa kuwa "hawako kwenye haki." Wa kwanza ana maswali na anayapeleka kwa mwalimu yeyote mwenye elimu, wa pili ana majibu tu, na yote yanatoka kwa mtu mmoja. Kama nikiambiwa nichague alama moja tu ya kuifuatilia, nitachagua hii ya mwisho. Muulize mfungwa amejifunza kwa nani, kisha muulize kama mtu huyo aliwahi kukosea. Jibu lake litakufundisha mengi.

Kuna pia kundi la tatu, nalo husahaulika: waliobadili dini kwa woga. Wanasali kwa sababu wanaokaa meza ya kundi lile ndio wasiopigwa. Kuwahesabu hawa kuwa magaidi ni kuwakabidhi kwa wale wanaowatisha.

Kumtenga peke yake

Faida yake iko wazi. Mhubiri wa chuki hana hadhira, na vijana aliokuwa anawalisha wanapata kupumua. Kwa mtu anayetoa amri za kuua, hakuna mkuu wa gereza atakayelaumiwa kwa kumwondoa siku hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba kutenga hakutengi kama tunavyodhani. Djamel Beghal, aliyehukumiwa Ufaransa mwaka 2005 kwa njama dhidi ya ubalozi wa Marekani, aliwekwa peke yake katika gereza la Fleury-Mérogis. Seli ya chini yake alikuwa Amedy Coulibaly, mwizi wa kawaida wa kutumia silaha. Walizungumza kupitia dirishani. Chérif Kouachi naye alikuwa katika gereza hilo. Januari 2015 Coulibaly, Kouachi na kaka yake Kouachi waliua watu 17 mjini Paris na viungani mwake. Kumtenga Beghal kulimpa heshima ya mtu ambaye dola inamwogopa, na mlango uliofungwa ulimwongezea mvuto kwa yule wa chini.

Halafu kuna akili ya anayetengwa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakihesabu kifungo cha upweke kuwa ni kukaa saa 22 au zaidi kwa siku bila mawasiliano ya maana na binadamu, na zinakataza kupita siku 15 mfululizo. Katazo hilo lina sababu za kiafya: upweke wa muda mrefu huleta wasiwasi, huzuni nzito, kuona na kusikia yasiyokuwepo, na fikra za kudhulumiwa. Mtu ambaye itikadi yake nzima imejengwa juu ya kudhulumiwa, ukimfungia miezi, unamletea ushahidi kila asubuhi pamoja na uji. Ayman al-Zawahiri, aliyekuja kuwa kiongozi wa al-Qaida, aliingia katika magereza ya Misri mwaka 1981 akiwa tayari mwanaharakati, na wengi waliofuatilia maisha yake wanaamini mateso aliyoyapata humo yalimfanya mkali zaidi.

Kuwaweka pamoja katika jengo lao

Njia hii huwapendeza wanasiasa kwa sababu inaeleweka kwa sentensi moja: wabaya kule, wengine huku. Inarahisisha ulinzi, inaruhusu askari waliofunzwa maalumu, na inazuia kuambukiza wafungwa wa kawaida. Hoja yenyewe ni ya zamani. Nchini Uingereza, Lord Mountbatten, aliyepewa kazi ya kuchunguza usalama wa magereza, alipendekeza mwaka 1966 wafungwa wote wa hatari wawekwe katika ngome moja. Miaka miwili baadaye kamati ya Radzinowicz ikasema hapana, watawanywe.

Saikolojia iko upande wa Radzinowicz. Tangu miaka ya 1960 majaribio mengi yameonyesha kwamba watu wenye mawazo yanayofanana wakijadiliana peke yao hutoka wakiwa wakali kuliko walivyoingia. Gerezani hali inazidi, maana hakuna wa kuonyesha shaka. Anayesema "labda tulikosea" mbele ya wenzake analala kwa hofu. Kila mmoja anashindana kuonekana imara kuliko jirani yake, na mfuasi mdogo aliyekuja kwa kosa la kutuma fedha kidogo analala chumba kimoja na mtu aliyepanga mauaji.

Kambi ya Bucca kusini mwa Iraq ndiyo fundisho kubwa zaidi. Wakati wa kilele Wamarekani waliwashikilia humo maelfu kwa maelfu, wenye msimamo na wasio na msimamo, wakiwa mchanganyiko. Abu Bakr al-Baghdadi alishikiliwa na Wamarekani mwaka 2004, na wengine waliokuja kuongoza pamoja naye kundi lililojiita Dola ya Kiislamu (ISIS) walipitia huko huko. Jenerali Douglas Stone alipochukua usimamizi mwaka 2007, alianza kuwachambua watu, akawatoa wakali kati ya wengine, akaleta masomo na ufundi. Ilikuwa hatua nzuri iliyochelewa.

Ufaransa ilijaribu vitengo maalumu kuanzia Fresnes mwaka 2014, kisha ikavipanua. Septemba 2016 mfungwa wa kitengo cha Osny aliwashambulia askari, na mwezi uliofuata serikali ikaachana na mpango ule, ikaweka badala yake vitengo vya tathmini ambamo mtu anapimwa kwanza, kisha inaamuliwa aende wapi. Uingereza nayo ilifungua vituo vidogo vya kuwatenga wahubiri wakuu, cha kwanza Frankland mwaka 2017. Hata huko udogo haukuwa kinga: Aprili 2025 mfungwa aliwashambulia askari wa kituo hicho kwa mafuta ya moto na visu vya kujitengenezea.

Lakini njia hii ina mafanikio moja ambayo siwezi kuyapita. Viongozi wa al-Gama'a al-Islamiyya, kundi la wapiganaji nchini Misri, waliofungwa miaka mingi na kupata nafasi ya kujadiliana wao kwa wao, walitangaza mwaka 1997 kuacha silaha. Baadaye waliruhusiwa kuzunguka magereza wakiwaeleza wafuasi wao sababu, na wakaandika vitabu vya kusahihisha mafundisho yao ya zamani. Novemba ya mwaka ule ule waliokataa waliua watu 62 huko Luxor, na shambulio hilo likawamaliza mbele ya umma. Kilichosaidia Misri ni kwamba kundi lilikuwa na ngazi za utii: kiongozi akigeuka, wa chini wanageuka. Kwa hiyo kuwaweka pamoja hufaa pale tu ambapo vichwa vyenyewe vimeanza kuchoka na vita. Pale ambapo kila mmoja amejiokota mwenyewe kwenye intaneti, hakuna kichwa cha kugeuza.

Kuwatawanya kati ya wafungwa wengine

Mtandao unavunjika. Kijana anakutana na watu wa dini yake wasiofikiri kama yeye, anafanya kazi jikoni au karakana, anacheza mpira. Utambulisho wake unapata vipande vingine zaidi ya kimoja. Kwa mfuasi wa kawaida naiona ndiyo njia bora kuliko zote.

Hatari yake ilionekana katika gereza la Whitemoor huko Uingereza Januari 2020. Brusthom Ziamani, aliyefungwa kwa kupanga kumkata kichwa mwanajeshi, alimshambulia askari kwa silaha za kutengeneza, akiwa amevaa mkanda wa bandia wa mabomu. Aliyekuwa naye, Baz Hockton, hakufungwa kwa ugaidi. Alikuwa mhalifu wa kawaida wa fujo aliyevutwa akiwa ndani. Ukimtawanya mhubiri badala ya mfuasi, unampelekea Hockton mwingine katika kila gereza.

Kutawanya pia kunadai askari wa kutosha wanaowajua wafungwa wao. Utafiti wa Alison Liebling na wenzake katika magereza yenye ulinzi mkali ya Uingereza, Whitemoor likiwamo, ulionyesha kwamba pale imani kati ya askari na wafungwa inapopungua, hasira yenye sura ya siasa na dini hupanda. Gereza ambalo askari mmoja analinda mabweni mawili na hajui jina la mtu yeyote halina uwezo wa kutawanya. Lina uwezo wa kusambaza tu.

Nani aongee naye, na kuhusu nini

Hapa kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema tatizo ni fundisho potofu, basi lete mwanazuoni. Singapore ilifanya hivyo kuanzia 2003, baada ya kukamata wanachama wa Jemaah Islamiyah, kundi la kigaidi la Kusini-mashariki mwa Asia: walimu wa dini waliojitolea waliketi na mfungwa mmoja mmoja, huku kikundi kingine kikizihudumia familia zao, watoto wasome na mke asihangaike. Saudi Arabia ilianza mwaka 2004, ikaongeza msaada wa kazi, makazi na hata ndoa. Mpango huo ulisifiwa sana mpaka Februari 2009, ilipotolewa orodha ya watu 85 wanaosakwa na ikaonekana 11 kati yao walitoka Guantanamo, gereza la Marekani la washukiwa wa ugaidi, na kupitia katika mpango huo huo.

Kambi ya pili inasema fundisho ni vazi tu, mwili ni haja ya heshima na kundi. Huko Sri Lanka, baada ya vita kuisha mwaka 2009, wapiganaji wa zamani wa Tamil Tigers, waasi waliopigania nchi ya Watamil, walipewa ufundi, elimu, sanaa na mawasiliano na familia. Kruglanski na wenzake waliwafuatilia, wakaona kwamba waliopata programu kamili na kujihisi tena watu wa maana walipunguza misimamo yao kuliko waliopata kidogo. Kundi lile halikuwa la kidini, lakini moyo unaotafuta heshima ni ule ule.

Mimi nachagua kwa kumtazama mtu. Yule aliyesoma na anayejenga hoja mletee mwanazuoni anayemzidi, asiye na harufu ya kutumwa na serikali. Mfuasi ambaye hajui hata nguzo za dini yake usimpotezee muda kwa mjadala wa tafsiri. Mpe kazi, mpe ada ya mtihani, mlete kaka yake. Na usidharau namna anavyotendewa. Nasir Abas, kamanda wa Jemaah Islamiyah aliyekamatwa Indonesia mwaka 2003, alitarajia kuteswa na polisi aliowaona makafiri. Wakamtendea kiutu. Jambo hilo lilimtikisa, na baadaye alifanya kazi na polisi hao kuwashawishi wenzake.

John Horgan, mtafiti wa muda mrefu wa ugaidi, anatenganisha kuacha vurugu na kuacha imani. Ningependa kila anayeandika mpango wa gereza aanzie hapo. Kulazimisha mtu abadili anachoamini kunazaa unafiki. Kumfikisha mahali ambapo hataki tena kuua ni lengo linaloweza kupimwa kwa matendo.

Kama uamuzi ni wako kesho

Usianze na jengo. Anza na tathmini ya miezi kadhaa, ifanywe na mtu wa saikolojia, mtu wa dini na askari anayemwona kila siku, na usitegemee fomu peke yake. Uingereza ilianza mwaka 2011 kutumia chombo chake cha kupima hatari chenye vigezo 22, lakini Usman Khan, aliyefungwa kwa ugaidi, alihudhuria programu za kurekebishwa, akatoka Desemba 2018, na Novemba 2019 akaua watu wawili karibu na London Bridge, katika mkutano wa watu waliokuwa wakimsaidia. Kuhudhuria darasa siyo kubadilika.

Mhubiri mkuu ambaye hajageuka aondolewe kwa wengine, katika kituo kidogo chenye shughuli na mazungumzo, siyo kwenye shimo la upweke. Mfuasi atenganishwe na mhubiri wake na arudishwe kati ya watu, karibu na familia, penye kazi. Aliyeongoka tu aachwe asali, na apewe mwalimu mwenye elimu kabla hajajitafutia mwingine. Aliyebadili dini kwa woga apatiwe ulinzi wa kweli. Akiupata, mara nyingi dini ile mpya inaisha yenyewe.

Kwa wanaokaribia kutoka, hofu ya umma ni kubwa kuliko takwimu. Thomas Renard alipitia kesi za Ubelgiji na kukuta waliohukumiwa kwa ugaidi wakarudia walikuwa chini ya asilimia 5, kiwango cha chini sana kuliko cha wahalifu wa kawaida. Hao wachache wanahitaji usimamizi wa karibu. Wengi waliobaki wanahitaji vitu vya kawaida ambavyo lazima viandaliwe kabla lango halijafunguliwa: pa kulala, kazi, kitambulisho, na mtu mmoja anayemheshimu ambaye ameshaanza kumtembelea akiwa bado ndani. Mtu huyo aanze angalau mwaka mmoja kabla, maana wiki ya mwisho mfungwa hamsikilizi yeyote, anahesabu siku tu.